Mnara Kwanza, Simu Baadaye

Mitihani ya Novemba itakapokwisha, sisi wa Kidato cha Nne tutafunga masanduku yetu na kurudi makwetu, na wengi wetu tumekwisha kuahidiwa simu. Huyu ameahidiwa na baba yake, yule na kaka aliyeko mjini, na mwingine anadunduliza senti zake tangu Kidato cha Pili. Kwa sababu hiyo, mazungumzo ya bwenini siku hizi, taa zikisha kuzimwa, hayahusu Kemia wala Historia bali simu: ipi ina kamera kali, ipi ina kioo kipana, ipi yafunguka kwa alama ya kidole. Mimi ni mpenzi mkubwa wa vyombo hivi, na wenzangu wajua kwamba nikisikia neno simu hata usingizi huniruka. Lakini katika mazungumzo hayo yote sijapata kumsikia mtu akiuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kwanza: je, huko kwenu mnara uko wapi, nao hutoa mawimbi gani?

Nathubutu kusema kwamba anayenunua simu bila kuuliza swali hilo ni kama mtu anunuaye mashua kabla ya kujua kama kwao kuna maji.

Yafaa kwanza tukubaliane simu ni kitu gani. Watu wengi huiona kuwa ni kioo chenye picha. Kwa kweli simu ni redio, ila redio hii husikia na kusema pia. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama katika njia moja ya mji wa New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi, na aliyempigia alikuwa mshindani wake wa Bell Labs. Chombo chake kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Vitabu hupenda kutueleza uzito huo, lakini aghalabu husahau kutueleza kwamba juu ya jengo refu la jirani palikuwa pamekwisha kuwekwa mtambo wa kupokea mawimbi yake. Pasipo mtambo ule, Bwana Cooper angekuwa mtu aliyeshika tofali sikioni.

Sasa tuje kwenye mawimbi yenyewe. Hapa Tanzania mtandao wa 2G huzungumza kwa megahezi 900 na 1800. Twajua kutoka somo la Fizikia kwamba mwendo wa wimbi ukigawanywa kwa masafa hupatikana urefu wake. Basi mita 300,000,000 kwa nukta moja, gawa kwa 900,000,000, wapata theluthi ya mita, yaani sentimita 33, ambayo ni rula ya darasani na nyongeza kidogo. Wimbi la megahezi 1800 ni nusu ya hilo, sentimita 17 hivi. Tofauti hii ni ndogo kwa macho lakini ni kubwa kwa mlima. Wimbi refu likifika kwenye ukingo wa kilima hujipinda na kushuka bondeni kwa urahisi zaidi, na hupenya ukuta kwa taabu ndogo. Wimbi fupi lina sifa zake, maana huko juu kuna nafasi pana ya kubebea habari nyingi, na ndiyo sababu hufaa mijini ambako minara imekaribiana na watu wamejaa. Lakini ukiliweka nyuma ya mlima, limekwisha.

Kuna mpaka mwingine tena. Katika 2G simu hazisemi zote kwa pamoja bali hupokezana zamu. Simu nane hugawana njia moja, kila moja na sehemu yake ndogo ya nukta, mithili ya sisi na ndoo zetu kwenye foleni ya bomba asubuhi. Wimbi lako likichelewa njiani litaangukia zamu ya mwenzako. Kwa hiyo mtambo hukubali ucheleweshaji wa kiasi fulani tu, na kiasi hicho kikipigiwa hesabu hutoa kilomita 35. Aliye mbali zaidi ya hapo, katika mtambo wa kawaida, hata akiuona mnara kwa macho yake haupati.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya wahandisi, nasi twataka simu tu. Basi nieleze yaliyompata shangazi yangu.

Shangazi analima kabichi na viazi katika bonde moja la Lushoto. Wanaoijua milima ya Usambara wanajua jinsi ilivyo: ukingo, bonde, ukingo, bonde, na nyumba zimejishikiza ubavuni. Kwa miaka mingi alitumia kitochi, kile cha vibonyezo, ambacho chaji yake ilikaa karibu juma zima. Mwaka jana mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimletea simu janja ya shilingi laki tatu. Ilikuwa zawadi ya heshima, na kitochi kikawekwa kabatini.

Nilipofika kwake likizo ya Juni nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Weka mzigo wako, ule, halafu unitazamie simu hii. Imeniponza."

Alikuwa na kabichi zilizokomaa shambani, na dalali alikuwa amekubali kuzichukua. Siku ya siku dalali alifika barabarani na fuso, akampigia mara mbili ili ateremshe wachukuzi. Mara zote mbili akasikia ile sauti ya bibi tunayemjua sote, kwamba simu anayopiga haipatikani kwa sasa. Dalali hakuwa na kosa. Gari lilikuwa la kukodi na saa zilikwenda. Akajaza kabichi za jirani akaondoka. Za shangazi zikakaa shambani mpaka zikaanza kupasuka, na mwishowe akaziuza kwa bei ambayo hakupenda kunitajia. Na wakati ule dalali alipopiga, simu ilikuwa mfukoni mwake, imewaka, na chaji inayo.

Niliona jambo hili ni la kuchunguzwa. Simu nyingi za Android hukuonyesha nguvu ya mawimbi ukifungua Mipangilio na kutafuta hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -80 au -110, na iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Tena si hesabu ya kujumlisha tu: kila ukishuka kumi, nguvu imegawanywa kwa kumi. Toka -80 hadi -110 ni kushuka mara elfu. Nikachukua daftari nikazunguka na simu ile siku tatu, watoto wa jirani wakinifuata nyuma wakidhani natafuta madini.

Juu ya ukingo 4G ilikuwa -88. Ndani ya nyumba ya shangazi ikawa -119, na mara nyingine ikatoweka kabisa. Nikaibadili simu isome 2G peke yake: ukingoni -65, ndani ya nyumba -92. (Vipimo vya 4G na vya 2G havifanani hasa, kwa hiyo silinganishi kimoja na kingine, kila kimoja nakilinganisha na nafsi yake.) Mnara ulikuwa ng'ambo ya ukingo. Mawimbi yake ya 2G yalijipinda yakashuka mpaka jikoni, lakini 4G iliyofika bondeni ilikuwa nyembamba kama uzi wa buibui.

Hapo ndipo kisa kilipofunuka. Simu ile ilikuwa imefundishwa kupenda 4G kuliko kitu kingine chochote. Iliushikilia uzi ule hata kama hauna faida, na kuuacha haikutaka. Lakini katika simu ile na mtandao ule, 4G ilikuwa ya intaneti tu. Sauti ilikuwa haipiti humo. Mtu akipiga, mtandao huituma amri kwa njia ya 4G kuiambia simu, "Shuka kwenye 3G au 2G, unaitwa." Simu isipoisikia amri hiyo, mpigaji huambiwa kwamba haipatikani. Kitochi kisingalipatwa na jambo hilo, kwa kuwa tangu kuzaliwa kwake hakikujua kupanda.

Dawa yake ilichukua nukta kumi. Niliingia kwenye Mipangilio nikaiamuru itumie 3G na 2G tu, na tangu siku ile simu hulia. Hata chaji ikaongezeka, na sababu yake ni rahisi. Simu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza sauti, na iliyopotewa na mtandao huutafuta kila mara, kama mtu aliyepotea porini akiita usiku kucha. Asubuhi hana nguvu.

Sisemi kwamba simu ile ilikuwa mbovu. Ni simu nzuri, na huko Dar es Salaam ingefanya kazi bila kasoro. Nisemalo ni kwamba katika duka ilikonunuliwa, binamu yangu alielezwa habari za kamera, kioo na rangi tatu za mfuniko, wala hakuna aliyemwuliza, "Bwana, simu hii inakwenda wapi?" Na yeye mwenyewe, aliyezaliwa katika bonde lile na kupanda ukingo ule kila siku kwenda shule, hakufikiri kuuliza.

Kutokana na haya nina neno kwa wenzangu wanaocheka vitochi. Wapo bwenini wanaosema afadhali kukaa bila simu kuliko kuonekana na kitochi. Mimi naona hawajui wanachokicheka. Mwezi Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Mwezi Juni wa mwaka huo huo wa 2007 simu ya iPhone ilianza kuuzwa Marekani, na dunia nzima ikashangilia. Nikiulizwa ni kipi kati ya hivyo viwili kilichobadili maisha ya bonde la shangazi, sihitaji kufikiri. Leo dalali hulipa kwa simu, na shangazi hatembei tena na fedha kifuani katika njia za milimani.

Na tazama jinsi mambo hayo yanavyopita. Ukibonyeza *150*00# huhitaji bando wala kioo kikubwa. Maneno yako hupita katika njia nyembamba ambayo simu na mnara huitumia kuarifiana habari zao, njia iliyokuwapo hata kabla ya mtu kufikiria kutuma fedha kwa simu. Ujumbe mfupi nao ni wa ukoo huo. Wahandisi walipata nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Wakaipa kila herufi biti saba, na 1,120 gawa kwa 7 ni 160. Ndiyo sababu ujumbe mmoja una herufi 160, si kwa kuwa kampuni ni mabahili kama tunavyodhani tunapokatwa salio la jumbe mbili.

Hata hivyo sikubaliani na wazee wanaosema kwamba basi simu janja ni mchezo wa watoto wa mjini, kijijini haina kazi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandaoni. Mwanafunzi mwenye simu na bando dogo aweza kusoma kitabu ambacho shule yake haijakipata. Jani la kiazi likipata madoa meusi, mkulima alipige picha na kumpelekea bwana shamba siku hiyo hiyo, maana baka jani haingoji mtu apande basi. Kitochi hakiwezi hayo. Isitoshe, 2G haitakaa milele. Huko Marekani kampuni ya AT&T iliizima 2G mwisho wa mwaka 2016, na 3G mwezi Februari 2022. Siku hiyo ikifika kwetu, dawa niliyompa shangazi haitafaa tena. Atahitaji simu inayopitisha sauti ndani ya 4G, na zaidi ya hapo atahitaji mnara unaotoa 4G hiyo kwa masafa ya chini, megahezi 700 au 800, yanayojua kushuka bondeni.

Nani atauomba mnara huo? Tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka mawasiliano mahali ambapo kampuni hazioni faida. Lakini mwanakijiji akisimama mbele ya afisa na kusema, "Mtandao wetu mbaya," amesema yale yale yanayosemwa na nchi nzima, na mtu wa mjini ambaye video yake imekwama mara moja. Akisema, "Ukingoni 4G ni -88, bondeni ni -119, nyumba arobaini ziko bondeni, na ramani ni hii," atakuwa amesema jambo ambalo mhandisi hawezi kulipuuza. Tofauti kati ya wanakijiji hawa wawili ni daftari moja na siku tatu za kutembea.

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yanapaswa kutufumbua macho. Katikati ya Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, na wako waliolala na simu wakaamka na saa ya mezani. Namba ya kuitambua simu, yenye tarakimu 15, huonekana kwa kubonyeza *#06#, jambo la bure linaloweza kufanywa pale pale dukani. La pili ni la tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora. Siku ile simu ya milioni mbili na simu ya laki moja zilikuwa ndugu. Anayeringia simu yake anaringia ncha ya kamba. Kamba yenyewe imepita mnarani, imekwenda mpaka baharini, nayo si yake.

Nakuja kwa jambo ninaloliomba. Sitaki kuingia katika ugomvi wa kama mwanafunzi wa bweni aruhusiwe kumiliki simu. Sheria ya shule yaikataza, na kusema kweli mimi mwenyewe najijua. Ningekuwa nayo, saa za kujisomea usiku zingekwisha kwa kuifungua na kuifunga. Lakini kukatazwa kuimiliki simu ni jambo moja, na kukaa miaka minne bila kufundishwa namna inavyofanya kazi ni jambo jingine. Twasoma mawimbi katika Fizikia, twachora wimbi la maji na wimbi la kamba, twapiga hesabu za urefu na masafa. Halafu twatoka darasani, na mawimbi yapitayo vifuani mwetu kila nukta, yale yanayoamua kama kabichi itauzwa au itaoza, hatuyataji. Mvulana anayeweza kupata alama nzuri katika swali la mawimbi ndiye huyo huyo atakayekwenda dukani mwezi Desemba akachagua simu kwa rangi.

Naomba basi Chama cha Fizikia kiruhusiwe kuwa na simu moja. Ikae katika kabati la mwalimu, na laini yake iwe kwa jina la mwalimu. Itolewe Jumamosi mchana kwa saa mbili. Kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni kupima kiwanja cha shule yetu chote: bwalo, jiko, mabweni yote, zahanati, na ule mwembe ambao walimu husimama chini yake wakipiga simu, nami ningependa sana kujua kama kweli pana mtandao kuliko mahali pengine au ni mazoea tu. Tukimaliza tuchore ramani na kuitoa katika toleo lijalo la gazeti hili. Kazi ya pili ni kila mwanachama arudi likizo na karatasi ya vipimo vya kijiji chake, kwa simu ya mzazi au ya jirani.

Mwalimu wetu wa Fizikia amesema yuko tayari kutupa simu yake ya zamani, ambayo kioo chake kimepasuka lakini mawimbi yaipata vizuri. Kilichobaki ni idhini ya Mkuu wa Shule.